Kamusi ya Neno Moja

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Upepo wa Kitengela hauna adabu. Tangu asubuhi unasukuma mlango, jiwe la kuuzuia linasogea, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Bawaba ya juu ilikatika kabla ya Krismasi. Nimekuwa nikisema nitaitengeneza kesho. Jiwe nalo limezoea.

Waceke, mke wa jirani yangu Githinji, amekuja na simu mkononi. Kasema Nasike amepiga. Nasike ni mke wangu! Hanipigii mimi, anampigia Waceke. (Kweli simu yangu haina kadi tangu Juni, lakini hata hivyo.) Atakuja Jumamosi kutoka Kimilili pamoja na shangazi yake Wilkister. Anataka kuamua kama mtoto atazaliwa hapa au kwa mama yake. Mimba imeingia mwezi wa nane. Waceke akaongeza kwamba kuna jambo Nasike anataka kuniambia mwenyewe, kwa hiyo nimpigie leo, simu hii hapa. Nikamwambia nitapiga kesho, nikiwa na habari nzuri ya kumpa. Waceke akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yakimwagika.

Nasike aliondoka mwezi wa Mei. Hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu. Alisimama pale kwenye jiwe, begi begani, akasema akirudi anataka kukuta kitu kimoja, kimoja tu, ambacho nimekimaliza.

Si haki. Nyumba ya kuku iko na kuta tatu tayari. Diploma imebaki karatasi mbili. Jukwaa la tangi la maji limesimama, ni tangi tu halijapatikana. Na mlango, basi, mlango ni jambo dogo mno. Mwanamke hawezi kusafiri kutoka Kimilili mpaka Kitengela kuja kuona bawaba. Mwalimu wa Kiswahili anatakiwa kumaliza kitu cha mwalimu wa Kiswahili.

Saa sita wazo limenijia. Limenijia lote kwa mara moja, nikasimama. Kamusi! Watu huanza kamusi kwenye A na kufa wakiwa kwenye M. Mimi nitaandika kamusi ya neno moja. Neno moja linaisha! Nimechagua kichwa. Makanga ana kichwa chake, pasta ana chake, seremala ana chake, na hakuna mtu aliyewahi kuzunguka akawauliza. Nitazunguka. Shule imefungwa, nafasi ninayo. Jumamosi Nasike atakuta kitabu mezani, kimekwisha, jina langu juu.

Nimempasha Githinji habari. Githinji ana kibanda cha kuchapa na fotokopi karibu na stendi. Amecheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza kama neno moja linahitaji jalada. Wivu. Githinji ni mtu wa kufunga gata za maji ya mvua na kuzipaka rangi siku hiyo hiyo. Nasike alikuwa akizisifia zile gata mbele yangu, tukiwa mezani.

Jumanne, 10 Agosti

Kazi imeanza. Makanga wa gari za Isinya amenieleza kwamba kichwa ni abiria aliyekalia kiti chake. Gunia la viazi likikalia kiti ni kichwa. Mtoto akipakatwa si kichwa, hata awe darasa la saba. Kisha akaniuliza kama mimi ni kichwa ama ninamzibia mlango. Nikashuka. Maana ya kwanza!

Mbeke wa mboga amekataa kuulizwa bure. Kwake kichwa ni kabeji iliyojifunga vizuri. Iliyofunguka si kichwa, ni majani, na huuzwa bei ya majani. Amenifanya nizibonyeze zote ndipo nielewe. Nimerudi na kabeji tatu ambazo sijui nizipeleke wapi. Mtu mmoja hali kabeji tatu.

Jioni kwa Pasta Omolo. Hapo nilikuwa na matumaini makubwa. Akanifungulia Biblia bila hata kuketi: mume ni kichwa cha nyumba. Niliandika haraka, nikaona jinsi litakavyopendeza likisomwa na Nasike. Pasta akauliza, kwa upole, mwili uko wapi basi. Nikamwambia uko Kimilili. Akapendekeza tuombe. Tukaomba muda mrefu, na upepo ulikuwa unapiga mabati ya kanisa. Nilitoka nikiwa mnyonge kuliko nilivyoingia.

Waceke amepita dirishani na simu yake. Kesho, nimemwambia. Kesho nitakuwa na maana sita.

Jumatano, 11 Agosti

Kajiado. Nimekaa stesheni ya reli tangu saa tatu nikisubiri gari moshi la magadi lipite. Msimamizi wa stesheni, mzee mwenye sweta la kijani, amesema kichwa cha treni hakina kisogo. Huvuta kikienda na huvuta kikirudi, hakijali kimeangalia wapi. Kitu kikubwa nimejifunza! Gari moshi lilipita saa nane. Nilipunga mkono. Dereva naye alipunga, akidhani tunafahamiana.

Kutoka hapo nikaenda kwa Apondi, nesi wa wazazi, dada ya mwalimu mwenzangu. Amenipa dakika zake za chai. Kwao, amesema, kichwa ndilo swali la kwanza. Kichwa cha mtoto kimeangalia wapi? Kikiangalia chini, nesi hunywa chai yake. Kikiangalia juu na mwezi wa nane umeingia, mama asikae mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, na asikae peke yake. Nimeandika kila neno. Maana nzuri kuliko zote, yenye mfano na maelezo.

Halafu akaangalia pete yangu. Nikasema ndiyo, wetu yuko njiani, mwezi wa nane. Akauliza cha wetu kimeangalia wapi.

Nikasema chini.

Sijui kwa nini nilisema chini. Sikuwa najua. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, Apondi akafurahi, akanywa chai yake. Nilitembea mpaka barabarani nikisikia vibaya. Nimejiambia nitamuuliza Nasike. Nilijiambia mara nyingi, njia nzima.

Nilipofika nyumbani Waceke alikuwa anaanua nguo. Amesema leo Nasike amepiga mara mbili. Nikamwambia zimebaki siku tatu tu, tutaongea uso kwa uso, simu inapoteza ladha ya mambo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kuuliza jambo ambalo ungepaswa kulijua tangu zamani ni kazi ngumu. Lakini siandiki kamusi ya woga.

Alhamisi, 12 Agosti

Siku mbaya. Niliamka nimeiamini.

Nilikwenda Isinya, kwa Mzee Kuntai. Vyumba hivi tunavyopanga ni vyake, lakini yeye mwenyewe anakaa kule na ng'ombe wake. Nilimsalimu sopa, kwa Kimaasai, akaitikia vizuri, mkewe akaleta chai. Maana yenyewe nilikuwa nimeshaiandika: kichwa, kipimo cha kuhesabia mifugo. Kilichokosekana ni sentensi ya mfano. Nilitaka iwe ya kweli: Mzee Kuntai ana vichwa kadhaa vya ng'ombe, na badala ya kadhaa niweke idadi kamili. Kamusi nzuri haibahatishi.

Ng'ombe walikuwa wanatoka bomani. Nikanyoosha kidole nikaanza. Kwa sauti. Mmoja, wawili, watatu.

Kufika kama kumi na mmoja nikaona mke wa Kuntai ameweka birika chini na kuingia ndani. Kufika kama kumi na wanne Mzee Kuntai alikuwa amesimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Alikishika kidole changu, akakikunja, akakirudisha kwenye ngumi yangu pamoja na vingine. Akasema ng'ombe hawahesabiwi hivyo. Na kama wangehesabiwa, wasingehesabiwa na mpangaji.

Miaka sita ninaishi Kajiado! Watoto wa darasa la kwanza wanajua kwamba kuhesabu mifugo ya mtu ni kuiletea mkosi. Mimi mwenyewe nilishawahi kumkanya mwalimu mgeni jambo hilo hilo. Lakini nilikuwa na kalamu mkononi, na nikiwa na kalamu huwa sioni watu.

Nikajaribu kuokoa kitu. Nikauliza, sasa bila kuhesabu, mtu hujuaje kama mmoja amepotea? Kuntai akasema yeye huwaangalia wakiingia jioni, na huona nani hayupo. Basi. Nikaandika pembeni: haifai kwa kamusi.

Jioni nimemkuta Nzau seremala mlangoni. Waceke ndiye aliyemwita. Alikuwa ameshaung'oa mlango wote na kuuegemeza ukutani, aupeleke karakana, aurudishe kesho na bawaba mpya. Nikamwuliza, kwa sababu alikuwa hapo, kichwa kwa seremala ni nini. Akasema kuna kichwa cha msumari, lakini kichwa chenyewe ni cha kitanda, ile mbao ya kuegemea, mtu akinyonyesha hapati maumivu ya mgongo.

Akinyonyesha! Kitanda chetu hakina. Mto huangukia nyuma kila usiku, na Nasike alikuwa akilalamika kabla hata ya mimba. Nikaona mambo mawili yakimalizika kwa pigo moja: kamusi, na mfano wa kamusi ndani ya nyumba yenyewe. Nikamwagiza. Nzau akasema sawa, lakini mbao hana, na mvule siku hizi haupatikani.

Halafu sote wawili tukauangalia mlango.

Ijumaa, 13 Agosti

Mzee Kuntai amekuja na pikapu yake kabla sijanawa uso. Amepita moja kwa moja mpaka chumbani, kwa kuwa hapakuwa na cha kumzuia. Ameuangalia uwazi ulipokuwa mlango wake, kisha akaniangalia mimi, kisha akasema yule ng'ombe wa hudhurungi mwenye tumbo jeupe hakurudi jana. Hakusema ni kwa sababu yangu. Alisema tu niingie kwenye gari.

Tumetafuta kutwa. Miiba imeingia mpaka kwenye soksi. Kuntai alitembea kimya mbele, nami nyuma nikijaribu kukumbuka kama huyo alikuwa wa tano au wa sita. Nilikaribia kumwuliza. Namshukuru Mungu mdomo ulikuwa umekauka.

Saa tisa tukampata. Alikuwa kwenye kichaka cha mbali, amesimama, na chini yake ndama mbichi anatetemeka. Kuntai alicheka kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba ng'ombe akikaribia hutoka kundini, akatafuta mahali penye utulivu, pasipo na upepo. Hakupotea. Alienda kuzaa.

Nikasema kwa hiyo mimi nilihesabu na wakaongezeka! Nilidhani atacheka tena. Akasema gari lina nafasi ya ng'ombe na ndama. Nikatembea mpaka barabara ya lami.

Lakini sikilizeni, enyi kuta! Githinji amemaliza kuchapa. Stima ilipotea mara tatu, mara tatu akaanza upya, na kila mara akisoma kwa sauti ili wateja wacheke. Kurasa nne, jalada la samawati. KAMUSI YA KICHWA, na chini yake, Khisa. Nimeishika. Nimeinusa. Nimemaliza kitu!

Nzau naye ameleta kichwa cha kitanda, mlango mzima bila kukatwa. Kimepigwa vanishi, kinang'aa, hata tundu la komeo amelichonga likawa ua. Nimekipigilia mwenyewe. Mlangoni nimetundika pazia la maua la Nasike. Upepo unalipandisha mpaka dari, lakini mtu akilitazama likiwa limetulia, linapendeza.

Jumamosi, 14 Agosti

Wamefika saa nane. Nasike amekuwa mkubwa, anatembea akishika kiuno. Nilipomwona akishuka, maneno yote niliyoyapanga yalinitoroka. Nilichukua begi tu.

Shangazi Wilkister hakuingia. Alisimama nje, pazia likimpiga usoni, akasema anatafuta pa kubisha hodi. Nikamwambia karibu, Shangazi, ingia tu. Akasema kwao mtu haingii tu. Waceke akamletea kiti, akaketi pale pale uani, kitambaa kichwani, mgongo kwa nyumba yangu.

Nasike aliingia. Alikiona kitanda. Alikigusa kile kichwa, akapitisha kidole pale kwenye ua, akatambua tundu la komeo. Nilingoja. Na sitasahau hili mpaka nife: alicheka. Alikaa kitandani, akaegemea, akacheka mpaka akashika tumbo, akasema Khisa, wewe, Khisa wewe. Nikajua ameshanisamehe mlango. Mlango wote, na bawaba, na kuku!

Kama ningenyamaza hapo.

Nikamkabidhi kamusi. Nikamwambia ona, nimeimaliza. Akaifungua. Alisoma makanga, akatabasamu. Alisoma kabeji. Alisoma kichwa cha nyumba akainua nyusi tu. Akafika ukurasa wa tatu, kwa Apondi. Hapo akakwama. Alisoma, akarudia, midomo ikitembea. Kikiangalia juu na mwezi wa nane umeingia, mama asikae mbali na hospitali, na asikae peke yake.

Akauliza, polepole, siku gani nilienda kwa huyo nesi. Nikasema Jumatano. Akasema Jumatano alipiga simu mara mbili.

Kisha: "Na wa kwetu, uliuliza?"

Nilikuwa na jibu moja tu, chini, na hata mimi sikuweza kulirudia.

Akasema kimeangalia juu. Wamempima mara tatu. Jumatatu walimwambia, na Jumatatu ndiyo alianza kunitafuta, kwa sababu aliogopa na alitaka kumwambia mtu. Hakulia. Aliifunga kamusi, akaiweka juu ya mto, akasema imechapwa vizuri. Alisema anaenda kulala kwa Waceke, kwa sababu kwa Waceke kunafungika.

Nimebaki na pazia.

Jumapili, 15 Agosti

Wameondoka asubuhi. Shangazi Wilkister ameamua, na Nasike hakumpinga: atazalia kwao, karibu na hospitali ya Bungoma, mama yake yupo na dada zake wapo. Niliomba niende nao. Nasike akasema nisianze safari nyingine. Alinishika mkono kabla ya kupanda. Mkono wake ulikuwa moto. Githinji ndiye aliyewatafutia viti vya mbele, na Waceke amempa blanketi. Mimi nimempa kabeji tatu. Amezichukua zote.

Nilirudi nikasimama katikati ya nyumba. Kila kitu kiko mahali pake. Nikaangalia tu, na nikaona nani hayupo. Sikuhitaji kuhesabu. Nilikaa chini, nikalia kama mtoto, na kwa vile hakuna mlango, plot nzima ya wapangaji imesikia.

Mchana Githinji amekuja. Hakucheka. Ameleta mbao zilizobaki kwenye gata zake, bawaba mbili mpya na komeo, na Nzau nyuma yake na msumeno. Wakasema kazi ya saa mbili tu, tuifanye sasa, kisha kesho asubuhi nipande basi la Bungoma nikamwambie mlango unafungika. Waceke ameninunulia kadi ya simu. Watu wazuri sana. Nimeona aibu kwa yote niliyoandika juu ya zile gata.

Tukaanza. Nilikuwa nimeshika mbao, Nzau anapima. Akasema nisogeze uso wa mlango. Nikauliza, mlango una uso? Akasema una uso, una mgongo, una shavu, na hii fremu ina kizingiti. Basi nikajikuta ninafikiri. Pasta huita sura ya Biblia mlango: mlango wa tatu, mstari wa pili. Kwetu mlango ni ukoo, watu wa nyumba moja. Na Apondi, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenzake kuhusu mlango wa kizazi. Makanga naye! Makanga anaishi mlangoni!

Niliwaomba wasubiri kidogo.

Nzau alisubiri, akaangalia jua, akakusanya vifaa vyake. Githinji alisubiri zaidi. Mwishowe ameegemeza mbao ukutani, ameweka bawaba juu ya dirisha nisizipoteze, akaenda zake bila kuaga.

Kadi ya simu ninayo. Nitampigia Nasike kesho, nikiwa na maana tano za kuanzia. Hii itamgusa, maana mlango ni jambo analolipenda yeye mwenyewe. Kajiado kwanza, kwa Apondi. Bungoma, Jumatano. Au Alhamisi.

Jioni upepo umeanza tena, na pazia halizuii kitu. Nimeking'oa kichwa cha kitanda, nimekisimamisha kwenye uwazi. Kimeenea sawasawa, hakijabakisha hata upenyo wa kidole. Kisha nikaweka jiwe.